Ulichotia Kwenye Unga wa Thabai

Milimani, Nakuru
14 Januari 2024

Mpendwa Tata Wariara,

Habari ya baridi ya huko juu? Sisi huku tu salama, ila vumbi la Januari limetukausha midomo. Lewis anakusalimu. Bado yuko Bahati kwenye shamba la marehemu mama, na ndiye anayesimamia kiwanda changu pale. Huyo kaka yangu amefuga ndevu, ukimwona utadhani ni mhubiri. Ameniambia masikio yako yamezidi kuziba na kwamba ile simu yako ya kabambe umeifungia kwenye droo. Basi nitakuandikia, kama ulivyotuandikia tukiwa shule ya bodi. Dereva wa lori la maziwa amekubali kubeba barua zetu.

Tata, kampuni yangu, Mzizi Hai, imekua. Tumehamia nyumba kubwa yenye bustani hapa Milimani, tuna wafanyakazi ishirini na wanne na kipindi redioni kila Jumamosi asubuhi. Watu wanatoka Eldoret, wanatoka Nairobi. Wengine huingia wakishikiliwa kwapani, na baada ya wiki moja wanarudi kwa miguu yao kutoa ushuhuda. Ni siku arobaini tu: unga wa thabai, maji, na kutembea. Thabai ileile uliyotupikia uji mama alipokufa nawe shangazi yetu ukatuchukua, sisi tukilia kwamba majani yanayowasha hayaliwi.

Sasa usikasirike. Ile picha yako ya mwaka wa tisini na nne, ukiwa na sare ya unesi, nimeiweka kwenye bango la barabara kuu. Imeandikwa "Siri ya Nesi wa Keringet." Nilitaka kukuomba ruhusa kwanza, lakini nilijua ungekataa.

Lewis anakuletea mikebe sita. Jaribu, na uwape majirani.

Mwanao,
Wangechi

*

Keringet
25 Machi 2024

Kwa mwanangu Wangechi,

Barua yako ilifika ikinuka maziwa, lakini ilisomeka. Mimi sijambo. Viazi vya chini viliungua na baridi, vya juu vimepona. Ng'ombe mmoja amezaa. Kanisani wamenitoa kwenye kwaya kwa sababu ya masikio, wakaniita mlezi wa kwaya ili nisione aibu.

Kosgei, jirani yangu, alinionyesha lile bango kwenye simu yake. Nilimwambia hukufanya vizuri kutoniuliza. Hilo ni kweli. Na kweli nyingine ni kwamba nilimwomba anionyeshe mara tatu, nikisingizia kwamba miwani haioni. Miaka thelathini na moja nilidunga watu sindano katika zahanati hii na hakuna aliyewahi kuweka uso wangu hata kwenye kalenda. Kwa hiyo nimekusamehe nusu.

Mikebe imekwisha. Chesang, mke wa Kosgei, ndiye anayekisifu sana kitu chako. Unamkumbuka? Yule mgonjwa wa sukari niliyekuwa nikimdunga insulini kabla hajajifunza mwenyewe. Mwaka jana alikuwa akitoka mlangoni na kuketi, hawezi zaidi. Sasa amepalilia shamba la viazi peke yake, na jioni anakuja kwangu kupiga hadithi.

Nina furaha. Lakini Wangechi, mimi thabai ninaijua tangu nikiwa mtoto. Inajenga damu polepole, kama mtu anayejenga nyumba ya mawe. Sijaiona ikimwinua mtu kwa siku tatu. Umeongeza nini ndani?

Tata yako,
Wariara

*

Milimani
19 Aprili 2024

Tata mpendwa,

Nisamehe ufupi, gari linaningoja nje. Hongera kwa ndama. Huku kumenyesha mpaka bustani imekuwa bwawa, lakini watu hawakosi. Jumamosi wiki jana mzee mmoja kutoka Subukia alirusha mkongojo wake mbele ya umati. Nilitamani ungeona.

Mwambie Chesang asiache. Mwezi ujao tunaleta semina huko kwenu Keringet, uwanja wa soko, na ningependa akatoe ushuhuda. Wewe nawe utaketi mbele na sare yako kama bado inakuenea.

Lewis hajambo, ana mafua kidogo.

Wangechi

*

Keringet
30 Juni 2024

Kwa Wangechi,

Nakusalimu. Mafua ya Lewis yamepona? Mpe asali na limau, asinunue vidonge ovyo.

Kwenye semina sikuja. Nilikutumia neno kwamba ninaumwa na mgongo. Sikuwa naumwa. Ulikuwa umeniuliza kuhusu sare na mimi nilikuwa nimekuuliza kuhusu unga, na hukunijibu, ndiyo sababu.

Sasa nikueleze ninachokiona. Uso wa Chesang umejaa na kuwa mviringo, mashavu yamevimba kama ya mtoto anayenyonya. Tumbo limetoka, lakini mikono na miguu imekonda. Anakula ugali wa watu watatu. Halali. Anapanga vyombo, anafagia, anazungumza bila kumeza mate. Kila mtu anasema amenawiri. Mimi nimewahi kuuona uso kama huo zahanati, kwa wagonjwa waliopewa kupita kiasi dawa moja tuliyokuwa tunaifungia kabatini, na ufunguo nikiuvaa mimi shingoni.

Jumatano nilimchoma kidole kupima sukari. Mashine haikutoa namba. Iliandika kwamba imepita kiwango chake. Nikamuuliza insulini yako iko wapi, akasema aliacha tangu semina, kwa sababu mtu wako alisema jukwaani kwamba sindano huua kongosho. Nimembembeleza arudie sindano. Anacheka. Ananiambia, "Nesi, si ni wewe kwenye bango?"

Kwa hiyo ninauliza tena, na safari hii naandika kwa herufi kubwa usiseme hukuona. KUNA DAWA YA HOSPITALI NDANI YA ULE UNGA? Nijibu ndiyo au la.

Tata yako

*

Milimani
11 Agosti 2024

Tata,

Salamu. Barua yako ilikaa mezani siku nyingi kwa sababu kila nikiichukua naiweka tena chini.

Nilidhani watakaonipiga vita ni madaktari na wenye maduka ya dawa. Sikudhani itakuwa nyumbani. Unajua ni watu wangapi wanaotaka nianguke? Gazeti moja limeandika kwamba mimi ni mganga wa lami, tapeli wa mjini. Watu wa afya wamekuja mara mbili kuchukua mikebe, na mara mbili wameondoka bila kusema kitu. Sasa na wewe, kwa ajili ya mashavu ya mwanamke aliyeanza kushiba.

Mchanganyiko ni siri ya kampuni. Na kama unataka kujua nani anachanganya, ni Lewis, kule Bahati. Mimi nakaa ofisini. Muulize yeye.

Nimekutafutia daktari wa masikio hapa Nakuru. Nitakutumia gari, ukae kwangu mwezi mmoja, upumzike. Ukitoka huko kwenye baridi utaona mambo kwa njia nyingine.

Wangechi

*

Keringet
6 Oktoba 2024

Wangechi,

Gari lako lilikuja, nikalirudisha tupu.

Chesang alijikata mguu na jembe mwezi wa nane. Hakusikia uchungu, kwa hiyo hakusema. Nilipouona, kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Tulimpeleka Nakuru na Kosgei, tukakaa naye siku kumi na moja. Walikata mguu chini ya goti. Alifariki tarehe ishirini na saba, Ijumaa, saa nne asubuhi. Tumemzika juzi.

Ameacha watoto wanne. Mdogo yuko darasa la pili.

Kwenye mazishi waliniomba niseme machache, kwa kuwa mimi ndiye nesi na ndiye rafiki. Nikafanya ishara kwamba sisikii wanachosema. Nilisikia.

Bado unanidai kunyamaza au mimi ninakudai jibu, sijui. Neno moja tu linatosha.

Wariara

*

Rumande ya wanawake, Nakuru
3 Februari 2025

Mpendwa Tata,

Ninatumaini uko salama, na kwamba mvua za mwisho hazikuharibu viazi. Mimi niko salama kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa salama hapa. Barua hii itasomwa na wengine kabla yako, kwa hiyo usishangae nikiandika kama mtu anayepita kwenye matope.

Utakuwa umesikia. Polisi walikuja Januari tarehe tisa, siku moja Milimani na Bahati. Kule kwangu walikuta wateja wamelala kwenye bustani wakiota jua, na mama mmoja akawashika maofisa mashati akiwaambia wasimguse daktari wake. Mimi si daktari, Tata, lakini sikuwahi kumkatalia mtu aliyeniita hivyo. Lewis walimtoa kiwandani na aproni yake. Kosa la kwanza ni kuuza dawa isiyosajiliwa. La pili ni kuweka dawa ya hospitali ndani ya chakula. La tatu ni kusababisha kifo. Jina lililoandikwa hapo ni la Chesang.

Lewis alipewa bondi akaachiliwa kwa muda. Mimi nilinyimwa, kwa sababu kwenye mkoba wangu kulikuwa na tiketi ya ndege ya Kigali. Ilikuwa ya semina.

Loya wangu anaitwa Makhanu, ni mtu mkali. Anasema njia iko moja. Funguo za kiwanda zilikuwa kwa Lewis, mfuko wa unga mweupe ulikutwa kwenye chumba cha Lewis, na mimi ni mtu wa ofisi. Anahitaji mtu wa familia aseme kwamba Lewis tangu utotoni ni mzembe, huchanganya vitu bila kufikiri. Wewe ndiye uliyetulea. Hakimu atakusikiliza.

Sikuombi useme uongo. Kumbuka tu jinsi alivyowahi kuwapa kuku mbolea badala ya chakula.

Mwanao,
Wangechi

*

Keringet
20 Februari 2025

Wangechi mwanangu,

Nimekusalimu. Nimekutumia sweta, sabuni na Biblia ya mama yako. Uniambie kama hazikufika.

Lewis yuko hapa kwangu tangu apewe bondi. Hataki kukaa Bahati. Anaamka mapema, analima mpaka mikono inatoa malengelenge, anakula, analala. Hazungumzi kuhusu kesi. Jana aliniuliza jambo moja tu, kwa kuandika kwenye kiganja changu kama mlivyokuwa mkifanya mkiwa watoto: kama kiini cha mwarobaini kinaweza kuua mtu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema aliambiwa ule unga mweupe ni kiini cha mwarobaini. Sikumuuliza aliambiwa na nani.

Alipowapa kuku mbolea alikuwa na miaka sita, na alilia siku mbili. Hilo nitalisema nikiulizwa, lote.

Lile unaloniomba sitalifanya. Usiniombe tena.

Kukuona sijaja. Kuna sababu, na siwezi kuiandika sasa.

Tata yako

*

Keringet
16 Mei 2025

Wangechi,

Miezi mitatu hujaandika. Labda umekasirika, labda barua zinazuiliwa. Mimi nitaandika hivyo hivyo, kwa sababu Jumanne nitakuwa mahakamani na sitaki unione pale kabla hujayasikia haya kutoka kwangu.

Ni mimi niliyepeleka mkebe. Baada ya mazishi, Kosgei alinipa mmoja uliokuwa umebaki nusu, bado na kifuniko chake. Nilipanda gari hadi Nakuru, nikampa mtu niliyefanya naye kazi zamani, naye akaufikisha kwenye maabara ya serikali. Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Ilikuwa dawa ileile ya kabatini, ya jamii ya steroidi, inayopandisha sukari. Niliandikisha taarifa polisi Novemba, nikatia sahihi kila ukurasa. Wakati unaniandikia kuhusu Lewis mimi nilikuwa tayari shahidi wa upande wa pili. Ndiyo sababu sikuja kukuona. Niliambiwa nisikutane nawe, lakini hata kama nisingeambiwa nisingeweza kukutazama.

Kuna jambo jingine, ambalo sikuliandika hata polisi. Hawakuuliza, na mimi sikulitoa. Chesang hakununua mkebe wake wa kwanza. Hakuusikia redioni. Ulikuwa mmoja wa ile sita. Nilimpelekea mwenyewe, nikamkorogea kikombe cha kwanza kwa kijiko changu, nikamwambia ni wa mtoto wangu. Watu wakinipa pole kwa kufiwa na rafiki ninaitika.

Jumanne nikiulizwa, nitasema.

Wariara

*

Gerezani, Nakuru
29 Juni 2025

Mpendwa Tata Wariara,

Shikamoo. Sijui kama hapa kwetu tunasema hivyo, lakini nimetafuta salamu ya kukupa na zote zimekuwa ndogo.

Sweta ilifika. Barua zako zote zilifika. Sikuandika kwa sababu jina lako nililiona Februari mwishoni, kwenye orodha ya mashahidi ambayo Makhanu aliniletea. Shahidi wa nne, Wariara, nesi mstaafu. Nilimwambia nakujua. Akafurahi, akasema basi tutakuvunja kwa urahisi: mzee, kiziwi, uso wake uko kwenye bango la kampuni. Nami sikumkataza. Nataka ulijue hilo pia.

Ile Jumanne ulipopanda kizimbani ulikuwa umevaa koti la kijani na viatu vya kanisani. Hakimu akaagiza karani akuandikie maswali kwa herufi kubwa, kwa sababu husikii. Kwa hiyo mahakama nzima ilikuwa ikingoja kalamu. Makhanu anauliza, karani anaandika, wewe unavaa miwani, unasoma polepole, unajibu. Makhanu hajazoea kungoja kimya. Nilimwona akitoa jasho.

Akauliza kama Lewis ni mzembe. Ulisoma, ukamweleza habari ya kuku mpaka mwisho, na siku mbili za kulia. Akauliza kama ulilipwa kwa lile bango. Ukasema hapana, ila ulilipenda. Kisha akauliza lile alilodhani litakumaliza, ni nani aliyempa marehemu mkebe wa kwanza.

Ulisoma karatasi. Ukavua miwani, ukamtafuta Kosgei kwenye viti vya nyuma, ukamjibu yeye, hukumjibu loya. Ulisema, "Ni mimi. Nilimpa kwa mkono wangu, na sikumwambia mtu."

Kosgei aliinama. Lewis alianza kulia, kwa sauti, mpaka askari akamshika bega. Na wewe hukusikia, uliendelea kusimama ukingoja karatasi nyingine.

Nilikuwa nimepanga kukana mpaka mwisho. Kesho yake nilimwambia Makhanu ajiondoe, nikabadilisha jibu langu, nikakiri makosa yote matatu. Lewis ameachiliwa, unajua. Mimi nimepewa miaka saba.

Sasa lile neno moja. Ni ndiyo, Tata. Nilijua.

Mwanzoni ulikuwa unga wa thabai peke yake. Watu walinunua mkebe mmoja na hawakurudi. Mwaka wa 2022, mwezi wa tisa, mtu mmoja muuzaji aliniletea mfuko wa unga mweupe, akasema niweke kijiko kwa kila kilo. Baada ya siku tatu wateja walinipigia simu wakiimba. Nikamwita yule mtu, nikamuuliza ni nini hasa. Alinitajia jina. Nililijua lile jina. Nilipokuwa na miaka kumi nilikuwa nakungoja zahanati baada ya shule, ukanifundisha kusoma maneno magumu kwa zile chupa zilizokuwa kabatini. Lile lilikuwa neno refu kuliko yote, nawe ulinipigia makofi nilipolitamka.

Ningeweza kuacha siku ile. Nilimpa Lewis mfuko, nikamwambia ni kiini cha mwarobaini. Hakuniuliza tena, kwa sababu ni mimi. Nilipopata barua yako ya Juni, ile ya herufi kubwa, nilijua Chesang yuko hatarini. Ningeandika neno moja ungemrudisha kwenye sindano kwa nguvu. Ilikuwa imebaki miezi mitatu. Nikakujibu kuhusu watu wanaotaka nianguke.

Kwa hiyo ule mkebe ulimpa wewe, lakini hukujua. Mimi nilijua kabla haujafungwa kifuniko. Usiubebe kama wako.

Hapa ninafanya kazi jikoni. Sitaki kupamba. Usiku nasikia wenzangu wakiongea na najilazimisha nisimpe mtu ushauri wowote, hata wa kichwa kuuma.

Wangechi

*

Keringet
20 Julai 2025

Mwanangu Wangechi,

Salamu kutoka huku. Lewis amepanda viazi vipya, na ameanza kula mezani nami. Kwenye kanisa wengine wameacha kunisalimu na wengine wananisalimu kupita kiasi. Nimezoea.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka. Siku ya pili Kosgei alikuja. Hakuwa ameingia nyumbani kwangu tangu ile Jumanne, na hata alipokuja hakuketi. Alikuwa amesikia kwa Lewis kwamba umeandika. Nilimwuliza kama anataka nimsomee, akaitika kwa kichwa.

Nilimsomea yote, hata sehemu zinazoniumiza mimi. Nilipofika kwenye neno ndiyo alininyoshea mkono niache kusoma. Kisha akanifanyia ishara niendelee, nikamaliza. Hakusema umesamehewa, wala mimi sijasema. Usingoje msamaha kutoka kwetu kama mtu anayengoja mvua.

Aliomba karatasi ya pili, ile uliyoandika kwamba ulijua, na mwezi, na mwaka. Nilimpa. Aliikunja, akaniandikia kwenye kiganja kwa kidole, pole pole nielewe, kwamba mtoto wake mdogo huuliza kila siku mama alikufa kwa nini, na yeye amekuwa akimwambia ni kidonda.

Alhamisi ijayo ni siku ya wageni. Nitakuja.

Tata yako,
Wariara